"Ni uzee tu" si jibu la daktari

Mhariri,

Ubaguzi dhidi ya wazee hatuukemei kama ubaguzi mwingine, tunaucheka. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilieleza kuwa mtu mmoja kati ya wawili duniani ana mtazamo wa kibaguzi kwa wazee. Ajabu, hilo ndilo kundi ambalo kila mmoja wetu anaomba afike!

Utafiti wa Becca Levy na wenzake nchini Marekani, uliochapishwa 2002, ulionyesha kwamba waliouona uzee wao kwa jicho jema waliishi takriban miaka 7.5 zaidi. Basi daktari anayemwambia mgonjwa "ni uzee tu" bila kumpima anamdhuru mara mbili: anauacha ugonjwa bila tiba, na anamfanya auone uzee wake kwa jicho baya. Na waajiri wanaoweka ukomo wa umri kwenye matangazo ya kazi watueleze: umri huo unapima ujuzi gani?

Msomaji wako