Sadako Ogata na uzito wa kuamua

Dada na rafiki yangu mpendwa,

Nakusalimu sana, nikitumaini kuwa wewe na wote wa nyumbani mu wazima. Uliniuliza kwa nini namtukuza Sadako Ogata, yule Mjapani aliyesimamia wakimbizi katika Umoja wa Mataifa, kuliko wanadiplomasia wengine, ilhali hakuwahi kuwa waziri.

Ukoo wake ulikuwa wa viongozi. Alizaliwa Tokyo mwaka 1927, na alikuwa bado mtoto mdogo wakati Waziri Mkuu Inukai Tsuyoshi, baba wa bibi yake, alipouawa na maofisa vijana wa kijeshi mwaka 1932. Nadhani msiba huo haukumtoka moyoni, kwa kuwa utafiti wake wa udaktari ulihusu sera ya Japani huko Manchuria, eneo la kaskazini-mashariki mwa China, ambako jeshi liliwapora raia usukani wa nchi. Baadaye alifundisha chuo kikuu na kuiwakilisha Japani katika Umoja wa Mataifa.

Jina lake lilivuma baada ya mwaka 1991, aliposhika wadhifa wa Kamishna Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa Wakimbizi, akiwa mwanamke wa kwanza kuupata. Mara tu alipoanza kazi, Wakurdi zaidi ya 400,000 waliolikimbia jeshi la Iraki walikwama kwenye milima yenye baridi kali upande wa Iraki, kwa sababu Uturuki ilikuwa imefunga mpaka. Kisheria mkimbizi ni yule aliyekwisha kuvuka mpaka, na baadhi ya wasaidizi wake walishikilia kwamba watu hao hawakuwahusu. Ogata aliwasikiliza, kisha akaamua kwamba wasaidiwe humo humo ndani ya nchi yao. Sijui uamuzi mwingine wa ofisi ile uliofungua mlango mkubwa kiasi hicho. Mwaka uliofuata alionekana Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia uliokuwa vitani, mama mwenye umbo dogo, amevaa fulana nzito ya kuzuia risasi.

Kwetu anakumbukwa kwa mwaka 1994, mwaka wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, pale Wanyarwanda zaidi ya 200,000 walipovuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, Tanzania, kwa muda wa siku moja tu, na miezi michache baadaye karibu milioni moja wakafurika Goma, nchini Zaire (Kongo ya leo), ambako kipindupindu kiliua maelfu. Katika kambi za Goma wauaji wa Rwanda wenye silaha walijichanganya na wanawake na watoto. Ogata aliomba askari wa kimataifa wa kuwatenganisha, lakini mataifa hayakuwatoa. Hatimaye shirika lake likawalipa wanajeshi wa Zaire walinde kambi. Mashirika mengine yalijiondoa, na wapo wanaomlaumu hadi leo kwa kubaki. Mimi simlaumu, kwa maana aliyepaswa kulala njaa iwapo angeondoka ni mtoto, wala si yule mwenye bunduki.

Akiwa na umri wa miaka 76 alikubali kuliongoza JICA, shirika la Japani la misaada ya maendeleo, akaliongoza hadi mwaka 2012 na kuwahimiza watumishi wake watoke Tokyo wakafanye kazi karibu na wananchi. Alifariki dunia Oktoba 2019.

Najua kuhusu Goma hatukubaliani, kwa hiyo niandikie hoja zako bila kunificha.

Wasalaam,
Rafiki yako wa siku zote