Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua: vikao 4 vya kamati, semina 2, maktaba imepangwa upya. Tuko wanachama 84 daftarini, waliolipa ada 31, waliofika semina ya mwisho 12. Mhazini atasoma hesabu.

Niingie kwenye lililozua maneno, yaani kumweka Profesa Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyechunguza uhusiano wa mtoto mchanga na mama yake, kuwa mada ya mhadhara wa mwaka badala ya Jean Piaget, mwanasaikolojia wa ukuaji wa fikra za watoto. Pendekezo lilikuwa langu, kamati ikaliridhia, kumbukumbu zipo.

Imesemwa nimempa jukwaa "msaidizi wa Bowlby", yaani yule mwasisi wa nadharia ya mshikamano wa mtoto na mlezi wake. Msaidizi? Mama huyu alipata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 1939, zaidi ya miaka kumi kabla hajaanza kazi kwa John Bowlby, London. Mwaka 1954 alikuwa Uganda, akizunguka vijiji vya jirani na Kampala kuwatazama watoto wachanga 28 wa familia 26, majumbani mwao. Kile chumba cha majaribio cha Baltimore, Marekani, alimowapima watoto na mama zao na kilichompa jina, kilikuja baadaye. Bowlby alikuwa na nadharia. Aliyekwenda kukaa na akina mama ni Ainsworth.

Mwanachama mwingine ameandika kwamba jaribio hilo la Baltimore ni "kuliza watoto". Laiti angehudhuria mhadhara! Lote huchukua kama dakika 20. Mama na mtoto huwekwa chumbani penye vitu vya kuchezea, kisha mama hutoka, hurudi, hutoka tena. Kinachopimwa hasa si kilio, ni mama anaporudi: mtoto anamkimbilia, anatulia, kisha anarudia michezo yake, au anageuza uso kana kwamba hakumwona, au anataka abebwe na papo hapo anamsukuma mama.

Kwamba familia 26 ni chache, nakubali, ingawa sijamwona anayejitolea kuzitembelea hata 5. Kwamba mtoto hulelewa na wengi, si mama peke yake, ni hoja nzito, na ingetupa mjadala mzuri kama wenye hoja wangefika. Viti tulipanga mimi na katibu, na vingi tukavirudisha stoo bila kukaliwa.

Mwaka ujao, hali ikiruhusu, tunatarajia kumgeukia Piaget, na pengine kuanzisha jarida. Yote hayo yanategemea ada. Orodha ya wanaodaiwa imebandikwa mlangoni. Waliolalamika zaidi watayaona majina yao juu kabisa.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti