Duka la dawa halikuandikii "dawa", kwa nini la spea likuandikie "spea"?

Mhariri,

Msomaji mwenzangu wa Tabata, ambaye barua yake uliichapa Jumamosi iliyopita, anataka Serikali ipige marufuku spea za mtumba za injini kwa sababu zimemuulia gari. Nampa pole kwa dhati, maana na mimi nimewahi kukaa kando ya barabara boneti ikiwa wazi na moshi unapanda. Lakini dawa anayoipendekeza ikikubaliwa, sisi wenye vigari vya kubangaiza ndio tutakaoumia, na waliomuuzia uongo wataendelea kuuza kwa jina jingine. Ugonjwa ninaouona mimi uko kwenye risiti ya spea, isiyosema ulichouziwa.

Mimi ni karani wa mahesabu katika shule moja hapa Morogoro. Gari langu ni Toyota IST ya mwaka 2004, rangi ya kijivu, yenye injini ya 1NZ ya lita 1.5. Nalitunzia daftari. Kila shilingi iliyoingia kwenye gari lile tangu nilinunue imeandikwa humo, tarehe na kilomita zake, hadi hela ya kuziba pancha. Wanangu hulicheka daftari hilo. Baba yao naye hulicheka, mpaka siku anapotaka kujua lini tulimwaga oili.

Nifungue ukurasa wa Machi 2021. Wota pampu, ile inayozungusha maji ya kupoza injini, ilianza kupiga kelele. Fundi wangu wa wakati huo akaniambia, "Mama, nipe 45,000 nikimbie dukani mara moja, nakuletea OG kabisa", yaani halisi. Nikampa. Akarudi na pampu ndani ya boksi zuri na risiti ya mashine, akaifunga, nikamlipa 15,000 ya ufundi, tukaagana kwa furaha. Nilikuwa nimeulizia bei mahali pengine nikaambiwa pampu halisi ni 140,000. Kwa hiyo usiku ule niliandika daftarini, kwa kalamu nyekundu: "Nimeokoa 95,000."

Miezi minne baadaye nikiwa natoka Mzumbe, nilipofika Sangasanga mshale wa joto ukapanda. Kabla sijapata mahali pa kuegesha, gari lilikuwa limeshachemsha. Beringi ya pampu ilikuwa imelegea na maji yote yamemwagika njiani. Wanaozijua injini za 1NZ wanajua kwamba bloku na silinda hedi yake vyote ni vya aluminiamu, na aluminiamu ikichemka sana inapinda. Hedi yangu ilipinda. Kuvutwa mpaka mjini 60,000, kusawazisha hedi 50,000, gasketi 85,000, pampu halisi 140,000, kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) 45,000, oili na filta 75,000, ufundi 150,000. Jumla 605,000. Toa ile 140,000 ya pampu, ambayo ningeinunua vyovyote vile, inabaki 465,000. Hiyo ndiyo gharama ya ile 95,000 niliyoiokoa kwa wino mwekundu.

Pampu ile, msomaji wa Tabata atambue, haikuwa mtumba. Ilikuwa mpya kabisa, na boksi lake na nailoni yake.

Nikaichukua pampu mbovu na risiti, nikaenda dukani ilikonunuliwa. Kijana wa kaunta hakunigombeza wala hakunidharau. Aliitazama risiti, akaigeuza, akaniuliza kwa adabu tu, "Mama, hapa imeandikwa SPARE, moja, elfu arobaini na tano. Tutajuaje kama ni hii pampu? Inaweza ikawa hata taa." Mhariri, mimi ni karani wa mahesabu. Kazi yangu ni kukataa risiti za watu zisizojieleza. Nilisimama pale nikaona kwamba kijana yule angekuwa mimi, na mimi ningekuwa mwalimu aliyeniletea risiti iliyoandikwa "mahitaji", ningemjibu vilevile. Nikarudi nyumbani na pampu yangu mkononi.

Sasa geuza hadi Agosti 2023. Natoka Dar, nakaribia Chalinze, gari likaanza kumisi. Taa ya cheki injini inawaka na kuzima, linatetema hata usukani unawasha viganja. Nikalikokota hivyohivyo mpaka Morogoro. Gereji ya kwanza, yenye sakafu ya saruji na kijana mwenye kompyuta, ikasema koili zote nne, zinazozipa plagi umeme wa cheche, zimekufa: nne kwa 70,000 ni 280,000, na plagi nne kwa 60,000. Yaani 340,000 kabla ya ufundi. Nilifungua daftari nikaona plagi zina miezi mitano tu. Nikaomba radhi nikaondoka.

Fundi wa pili anafanyia kazi chini ya mwarobaini huku Kihonda. Naye ana kifaa cha kupimia, kidogo, cha kuunganisha na simu. Kikasoma namba ya hitilafu P0302, yaani silinda ya pili haichomi. Yeye hakuniambia ninunue chochote. Alichomoa koili ya silinda ya pili akaiweka ya tatu, na ya tatu akaiweka ya pili, akafuta ile namba ya hitilafu, akawasha, akasubiri. Mara hii ikasoma P0303. "Umeona, dada? Ugonjwa umehama na koili. Kama ungekuwa kwenye plagi au nozeli ya petroli ungebaki palepale." Kazi hiyo haikufika nusu saa. Koili moja ndiyo ilikuwa imekufa, tatu zilikuwa nzima.

Juu ya ile iliyokufa kulikuwa na namba: 90919-02240. Nikaipiga picha nikamtumia mtoto wa kaka yangu aliyeko Dar, akaingia nayo Gerezani, Kariakoo. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo ningelijua mapema daftari langu lingekuwa jembamba. Spea nyingi za Toyota zina namba ya tarakimu kumi, tano halafu tano. Tano za mwanzo zinataja aina ya kitu: 90915 ni filta ya oili, 17801 ni filta ya hewa, 16100 ni wota pampu. Tano za mwisho zinasema ni toleo gani la kitu hicho. Na koili yenye namba ile ya kwangu inaingia Vitz, Spacio, Raum, Probox, Platz na nyingine kadhaa zenye injini za ukoo huohuo wa NZ. Ukisema "naomba koili ya IST" unapewa bei ya IST. Ukitaja namba, muuzaji anainua macho, na mazungumzo yanakuwa mengine.

Mtoto alinipigia akiwa kaunta. "Shangazi, huyu anasema anazo tatu. Halisi mpya, kopi mpya, na mtumba iliyovuliwa kwenye injini ya Japani. Anasema kopi hakushauri." Nilitaka kuongea na muuzaji mwenyewe. Akaniambia, bila kuzunguka, kwamba kopi wateja wanamrudishia, mtumba hawarudishi. Nikachukua mtumba kwa 45,000. Ikaja kwa basi jioni ileile, nauli ya kifurushi 5,000. Fundi wa mwarobaini akachukua 15,000. Jumla 65,000 badala ya 340,000, na mpaka leo ninapoandika gari halijamisi tena.

Ndiyo maana siwezi kuunga mkono marufuku. Koili ile ya mtumba ilitengenezwa kwa ajili ya injini ile, ikafanya kazi kwenye gari la mtu huko Japani, na kama ni nzima au mbovu unaipima palepale ukajua. Alteneta ni hivyo, stata ni hivyo, sensa nyingi ni hivyo. Vitu vya mpira na karatasi ndivyo nisivyovigusa vya mtumba hata kwa bure: belti, sili, gasketi, mipira ya rejeta, filta. Mpira unazeeka hata ukiwa umelala stoo. Wota pampu na taiming cheni naviweka kundi hilohilo, kwa kuwa uchakavu wake hauonekani kwa macho, na vikikuangusha haviangukii peke yake. Shemeji yangu, kwa upande wake, aliuziwa injini nzima ya mtumba pamoja na giaboksi wakati kilichokufa kwake kilikuwa gasketi ya hedi. Baadaye akaanza kuhangaika na kadi ya gari, kwa sababu namba ya injini iliyomo si ile iliyogongwa kwenye chuma. Lakini hilo sitalibebesha mtumba. Hilo ni la kutopima kabla ya kununua.

Neno moja kuhusu mafundi, kwa sababu najua wanasoma gazeti hili, wengine hata kabla ya kulitandika chini wakifungua giaboksi. Tunawalipa ufundi mdogo mno, halafu tunashangaa wanaweka cha juu kwenye spea. Mtu anayelipwa 15,000 kwa kazi ya saa nne atakula wapi kama si kwenye pampu? Mimi sasa spea nanunua mwenyewe, kwa namba, na fundi wangu nimempandishia ufundi. Anapata zaidi kuliko alivyokuwa akipata kwa kunizunguka, wala hana sababu ya kuniambia kitu kimekufa kama hakijafa. Pia ameacha kunishauri ning'oe themostati, kile kidude kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, "kwa kuwa huku kwetu ni joto". Themostati ya injini hii inafunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84. Ukiing'oa injini inachelewa kupata moto wake, petroli inaliwa, na kila mwezi unalipa kidogo kidogo kile ulichodhani umekiokoa. Na rejeta ni kulanti, si maji ya bomba. Wanaotia maji ya bomba wanakula pampu zao wenyewe kwa kutu.

Nirudi kwenye risiti, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mashine za EFD, yaani za risiti za kielektroniki, zipo nchini tangu mwaka 2010. Zinaweza kuandika jina la bidhaa, ni suala la mwenye duka kuliingiza tu. Nenda duka la dawa leo, hawakuandikii "dawa". Wanakuandikia jina la dawa na kiasi chake, kwa sababu wanajua ukizidiwa utarudi nayo. Kwenye spea, kati ya risiti 31 zilizobanwa kwenye daftari langu, 24 zimeandikwa ama SPARE, ama SPARES, ama GOODS. Moja imeandikwa ITEM 1. Mamlaka ya Mapato (TRA) inaridhika, kodi imeonekana. Mteja ndiye hana kitu mkononi.

Ninachoomba si marufuku. Naomba risiti ya spea itaje mambo matatu: namba ya spea, kama ni halisi au kopi au mtumba, na siku za kurudisha. TRA ndiyo inayosimamia mashine, Shirika la Viwango (TBS) ndilo lenye viwango, na Tume ya Ushindani ndiyo inayokamata bidhaa bandia. Wakikaa meza moja, jambo hili halihitaji ukaguzi wa bandarini wala msako wa Kariakoo. Muuzaji akiandika "halisi" kwenye risiti yenye jina lake na namba yake ya mlipakodi, amejifunga mwenyewe. Akiandika "kopi", basi mimi ndiye niliyechagua, na gari likinichemkia Sangasanga sitamlaumu mtu.

Najua watakaosema duka dogo halitaweza, spea ni nyingi, namba ni ndefu. Muuzaji wa Gerezani aliyeniuzia koili duka lake ni upana wa mlango, na mashine yake ilitoa SPARE kama za wenzake. Ila kabla ya kuifunga kwenye kifurushi aliigeuza akaandika nyuma kwa kalamu ya bluu: "90919-02240, mtumba, siku 7", akatia sahihi. Sikumwomba. Nilipomshukuru kwa simu akasema anafanya hivyo ili asigombane na watu.

Nimekuambatishia nakala za risiti mbili, Mhariri, ya pampu na ya koili, pande zote mbili. Majina ya maduka nimeyaziba. Ukipata nafasi zichape pembeni ya barua hii, na ile ya koili uiweke kwa upande wa nyuma.

Mwenye IST ya kijivu,
Kihonda, Morogoro.