Barua kwa mwanangu: usiwaahidi watu lami

Kevo baba,

Nimeiona hiyo video yako, ni Mwende alinionyesha, wewe hukunitumia na namba yangu unayo. Umesimama sokoni Mwingi na tisheti ya huyo mtu wako anayetaka useneta, maiki mkononi, watu wamejaa, na kusema kweli unaongea vizuri, hata mama wa duka la pembeni aliuliza huyu kijana amesomea wapi. Nikajiskia mkubwa kidogo. Halafu nikakusikia ukiwaambia ati akiingia Seneti atawawekea lami mpaka mtoni, ataleta transfoma na kila mtoto atapata basari. Kevo. Seneta na lami wapi na wapi?

Sikatai umpigie kampeni. Wewe ni mtu mzima, semista umeshaahirisha, baba yako bado hataki kuiongelea na yale maneno ya jikoni tuyaache hapo hapo. Mimi naogopa kitu kimoja tu. Kura ya 2027 ikishapita huyo mheshimiwa atarudi huku Nairobi kwa ofisi yake, na wewe ndio watakuona hapo sokoni, sura yako ndio wanaijua, na nyumba ya nyanya yako, susu, wanaijua pia. Lami wataulizia kwa susu.

Unanichekanga ati mama wa bunge kwa sababu nashona nikiwa nimefungulia redio kikao kikiendelea, lakini ni huko nimejua hizi vitu, na wewe wa chuo ungekuwa umezijua mbele yangu. Bunge ni moja lakini lina nyumba mbili na kazi zao hazifanani. Bunge la Taifa ndio kubwa, wabunge 290 wa maeneobunge, wamama wawakilishi 47, na 12 wa kuteuliwa na vyama. Seneti wako 67, hao 47 wamechaguliwa mmoja mmoja kila kaunti, waliobaki ni wa kuteuliwa, wamama 16, vijana wawili na wawili wa kuwakilisha watu wenye ulemavu. Spika simhesabu, kila nyumba inajichagulia wake na hawezi kuwa mmoja wao. Sasa angalia Kitui, kutoka Tseikuru mpaka Mutha kuna wabunge 8 lakini seneta ni mmoja, huyo mmoja hata akitaka atawawekea lami saa ngapi?

Na pesa ya lami hana. Basari za CDF, ule mfuko wa eneobunge, ziko kwa ofisi ya mbunge, mama mwakilishi ana mfuko wake, gavana naye ana za kaunti. Barabara za kaunti ni za gavana, zile kubwa ni za serikali kuu. Seneta hana hata koleo. Usiwaahidi watu koleo la mtu mwingine.

Utaniuliza sasa niwaambie nini. Waambie kazi yake, ni kubwa, ni vile watu hawaielezewi. Pesa za nchi zinagawanywa kila mwaka, serikali kuu ibaki na ngapi na kaunti zote 47 zipate ngapi, katiba inasema isipungue asilimia 15 ya mapato yaliyokaguliwa, na hapo nyumba zote mbili lazima zikubaliane. Wakikataana inaundwa kamati ya upatanisho, idadi sawa kila upande, na siku 30 zikiisha hawajasikizana mswada umekufa. 2019 wabunge walitaka kaunti zipewe bilioni 310, maseneta wakasema 335, wakavutana mpaka magavana wakaenda kortini, mwishowe ikawa 316.5. Hiyo tofauti ndio dawa za dispensari, Kevo, ndio mishahara ya manesi.

Halafu kuna ile ya kila kaunti kivyake inapata kiasi gani. 2020 maseneta waligombana juu ya hiyo fomyula kikao baada ya kikao, wa kaunti zenye watu wengi huku, wa kaunti kubwa zenye watu wachache kule, mpaka wengine wakakamatwa na polisi. Na kura yenyewe haihesabiwi kwa vichwa, kaunti moja kura moja, kwa hivyo Kitui inasimama sawasawa na Nairobi yenye wabunge 17. Mtu wako atasimama wapi siku hiyo? Umemuuliza? Hilo ndio swali la kuuliza na maiki.

Ama awaite magavana mbele ya kamati waeleze ile ripoti ya mkaguzi mkuu. Ama akae kama jaji, maanake MCA, wale wa bunge la kaunti, wakipiga kura gavana atoke ni Seneti inasikiza kesi, wanaweza kuipeleka kwa kamati ya watu 11 ama waisikize wote. Kawira Mwangaza wa Meru walimwokoa mara mbili, ya tatu Agosti 2024 wakamwondoa. Hata Gachagua alipokuwa naibu wa rais, wabunge 281 walipiga kura atoke lakini hiyo ilikuwa ni kumshtaki tu, kesi ilisikizwa Seneti, mashtaka yalikuwa 11 wakamkuta na makosa matano, na matano yalitosha. Siku hiyo nilishona mkono wa kushoto mahali pa kulia, mwenye nguo hajui mpaka leo.

Na mambo mengine Seneti haigusi kabisa. Mawaziri wanapigwa msasa na wabunge. Ule mswada wa fedha wa 2024 ulikuwa wa wabunge peke yao, na wewe ulikuwa unamtumia seneta meseji usiku kucha. Sikukwambia, niliona angalau uko nyumbani, si kwa maandamano.

Kwa hivyo nakuomba, usiwaahidi. Ukiulizwa lami sema hiyo ni ya gavana ama serikali kuu, wataguna lakini hawatakutafuta baadaye. Tena usishike pesa za kugawa, hata akikwambia wewe ndio anakuamini, pesa ikipungua ni wewe. Pesa yako ya kazi akutumie kwa simu kila jioni, si mpaka mwisho wa kampeni. Na ile pikapiki ya usiku usiipande, sijali ni ya nani. Kama atakasirika ukikataa kusema lami, hiyo pia ni jibu, rudi, fomu ya kurudi chuo iko kwa droo ya cherehani, sikuitupa vile nilisema.

Huku tuko sawa. Landilodi ameongeza elfu moja, maji yanakuja Jumanne na Ijumaa tu. Susu dawa zake za presha zinaisha wiki hii, mpitie umpeleke kliniki, na usimwachie Mutua pesa za dawa, mpe dawa zenyewe. Mwende anasema chaja yake nyeusi uliondoka nayo, itume na basi la Jumapili, mpe kondakta, mimi nitaichukua Machakos Country Bus na nitamlipa hapo.

Mama