Shukrani kwa mzee wa Shimo la Mungu

Shikamoo baba, popote ulipo. Jina lako sikuliuliza, na jambo hilo limenikaa moyoni tangu tulipoachana Newala.

Mimi ni yule binti wa Lindi niliyekuja na mama yangu mdogo kutazama Shimo la Mungu, lile bonde la kina kirefu pale Newala. Tulitoka Mtwara alfajiri, tukapita Nanyamba na Tandahimba, mikorosho kulia na kushoto. Pale ukingoni ardhi inakatika ghafla, macho yanashuka hadi bonde la Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Picha nilishaziona. Picha hazisemi kitu.

Tulipoanza kushuka, ndala ya mama mdogo ikakatika, mguu ukateguka. Na maji yalikuwa yametuishia. Ukatokea mikoroshoni na panga mkononi, ukakata fimbo, ukachonga kishikio polepole mpaka kikawa laini, ndipo ukampa. Kisha ukaleta kidumu chako cha njano. Kule juu maji ni ya kuhesabu. Zamani akina mama walishuka mabondeni kuyafuata na kupanda nayo kichwani. Nasi ulitujazia chupa zote mbili!

Pesa ulikataa. Ukamwita kijana wa bodaboda, ukamsisitiza aendeshe taratibu, na ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini mithili ya viazi, ukatufungia ya kula njiani.

Mama mdogo anatembea vizuri sasa. Fimbo yako iko nyuma ya mlango wake, hataki mtu aiguse. Korosho zikianza kuanguka tutarudi Newala kukutafuta. Ahsante sana, baba.