Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya: wa pili darasa lilelile

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima zote nakuandikia kuhusu bangi shuleni, maana juzi usiku mtoto mwingine kapelekwa hospitalini amefungwa mikono, akipiga kelele kwamba kuta zinamsema. Ni wa pili darasa lilelile. Wa kwanza alikuwa wangu.

Uliahidi mbele yetu wazazi kwamba kila sekondari itapata mshauri wa wanafunzi. Nilisimama kukupigia makofi. Mwaka umepita, chumba kilichotengwa kimewekwa madawati mabovu.

Mwanangu alianza bangi akiwa na miaka 14. Wenzake walimwambia ni jani tu. Alipoanza kusahau sahau, kushinda amelala na kuacha mpira aliokuwa anaupenda, nikasema ni ujana. Nilimchapa, Mheshimiwa. Nilimchapa mtoto mgonjwa. Daktari ndiye aliyekuja kunieleza, nimekaa sakafuni nje ya wodi, kwamba ubongo huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, na kwamba THC, ile kemikali inayolevya, huvuruga sehemu zinazoshika kumbukumbu na umakini. Kwa nini niyasikie pale?

Wala si habari mpya. Mwaka 1987 ulichapishwa utafiti wa vijana zaidi ya 45,000 walioitwa jeshini Sweden: waliokuwa wamevuta bangi zaidi ya mara 50 walionekana kupata skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili, mara sita kuliko wasiovuta. Najua wengi huvuta wasifikie huko, na ukoo nao huchangia. Lakini nani anamjua mapema yule atakayefikia? Pengine aliyopewa wangu ilikuwa kali, maana bangi ya siku hizi ina THC nyingi kuliko ya zamani. Pengine ni msiba wa baba yake. Nimewaza hadi nimechoka.

Usitutumie askari, tafadhali. Walikuja mara moja, watoto wakajifunza kuficha tu. Tunaomba mshauri, mtu ambaye mtoto anaweza kumwambia "nimeshindwa kuacha" bila kufukuzwa shule. Mshauri mmoja, Mheshimiwa, yule uliyemwahidi.

Mtoto wa juzi bado yuko wodini. Mdogo wake anaanza shule hiyohiyo muhula ujao. Tunaomba amkute mshauri pale.

Mama wa mwanafunzi