Usiuze kiwanja cha Pongwe

Minneapolis, Jumapili usiku

Shoga yangu Mama Salim,

Assalaam alaykum. Natumai nyote wazima hapo Columbus na mguu wa baba watoto umeacha kuvimba. Sisi huku hatujambo, Alhamdulillah, baridi tu ndiyo imetushikilia, na wanao wanakusalimia. Salamu nyingine nitazimalizia mbele, maana nina neno halinipi usingizi.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza kazini, nikausikiliza tena ndani ya gari. Ulivyolia, nami nikalia. Lakini kilichonikaa kifuani ni yale maneno uliyoyatupia mwishoni, kwamba bima imekataa, kituo kinataka dola 14,000 ili Salim aendelee kulazwa kutibiwa uraibu wa unga, na umeshamwambia kaka yako atafute mteja wa kiwanja cha Pongwe.

Mwenzangu, usiuze. Usilipe, wala usisaini karatasi yoyote ya kituo kabla hujaisoma barua hii yote.

Bima haijasema neno la mwisho. Imesema neno la kwanza, na inaomba Mungu ulichukue kuwa ndilo la mwisho. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, nimewaona wazazi wakipokea barua ya namna hiyo, wanaikunja, wanaitia mkobani, wanatoka kwenda kukopa. Wachache sana wanakata rufaa. Na ugonjwa huu ndio unaowafanya watu wanyamaze kuliko mwingine wowote, kwa sababu mama anaona haya hata kumtajia mtu wa simu kwamba mwanawe anatumia unga.

Sasa nisikilize taratibu. Ipo sheria ya nchi nzima, watu wa hospitali wanaiita sheria ya usawa. Rais Bush mdogo aliisaini tarehe 3 Oktoba 2008, ikiwa imepachikwa ndani ya muswada uleule wa kuziokoa benki. Ina majina ya maseneta wawili, Paul Wellstone wa hapa kwetu Minnesota na Pete Domenici wa New Mexico. Vyama vyao vilikuwa vikipingana, lakini Wellstone alikuwa na kaka aliyeugua akili na Domenici alikuwa na binti mwenye ugonjwa wa namna hiyo, wakakutana hapo. Wellstone hakuiona ikipita, alikufa kwa ajali ya ndege Oktoba 2002. Na kwenye Baraza la Wawakilishi walioisukuma ni Patrick Kennedy na Jim Ramstad, na wote wawili walishasimama mbele za watu wakasema kwamba uraibu uliwashika wao wenyewe wakatibiwa. Mtoto wa ukoo wa Kennedy! Kwa hiyo ukiona aibu inakukaba koo, wakumbuke hao.

Sheria inasema kwamba bima ya kazini ikiwa inalipia matibabu ya uraibu, basi haina ruhusa ya kuyawekea masharti makali kuliko inayoyawekea magonjwa mengine. Iwe ni fedha unayochangia mfukoni, iwe ni idadi ya siku, iwe ni vibali vya kuomba kabla ya kutibiwa.

Haya, mfikirie baba watoto. Alipopasuliwa ule mguu alitoka hospitali akaenda kukaa kituo cha mazoezi, si ndiyo? Wiki tatu alikuwa kule, umeniambia mwenyewe chakula chake kilivyokuwa kibaya. Je, bima ilipiga simu kila baada ya siku mbili tatu kuuliza kama bado anastahili kuwa ndani? Ilisema arudi nyumbani akafanye mazoezi jioni, na akishindwa kutembea ndipo watafikiria? Kadi ni ileile, mkato wa mshahara ni uleule. Mguu umepewa wiki tatu bila maneno, na kijana wa miaka 22, ambaye ugonjwa wake unaua, anapewa siku chache za kutolewa sumu mwilini halafu barua inasema kukaa kwake ndani "hakuhitajiki kitiba". Kanuni za serikali za 2013 zimegusa hapohapo: kituo cha kulaza waraibu kipimwe kwa kipimo kinachotumika kwa vituo vya uuguzi na mazoezi ya viungo. Ndiyo maana nakwambia, hoja yako ya rufaa umekaa nayo mezani kila siku, ina mguu mmoja umefungwa bandeji.

Kuna kasoro nisiyotaka kukuficha. Sheria ya 2008 haikumlazimisha mwajiri kulipia uraibu, ilisema tu ukilipia, lipia kwa usawa. Miaka miwili baadaye ikaja ile sheria ya bima ya Obama, nayo kuanzia 2014 ikalazimisha kwa wanaojinunulia bima na kwa kampuni ndogo. Makampuni makubwa kama la kwenu yakabaki na mwanya. Mimi naona hilo ni kosa kubwa. Hakuna anayeuliza kama bima italipia moyo au figo, sasa kwa nini ugonjwa uliowaua watu zaidi ya laki moja nchi hii mwaka 2022 peke yake uachiwe hiari ya tajiri? Ilitakiwa iwe lazima kwa kila bima, nukta. Lakini kwako mwanya huo umeshazibwa: zile siku za mwanzo wamelipa. Wameshakubali kwamba wanalipia, kwa hiyo usawa unawabana.

Halafu zilitoka kanuni nyingine Septemba 2024 za kuwabana zaidi, na Mei 2025 serikali ikatangaza haitazisimamia. Mtu akikuambia "sheria hiyo imefutwa," mwambie hapana. Kanuni hizo mpya ndizo zilizoachwa, sheria yenyewe ya 2008 ipo palepale.

Cha kufanya kesho asubuhi. Kwanza Salim mwenyewe asaini karatasi ya kukuruhusu uzungumze kwa niaba yake. Yuko kwenye bima yako kwa kuwa hajafika 26, lakini kisheria ni mtu mzima, bila sahihi yake hawatakuambia hata iwapo wanamjua. Kisha mwone daktari wa kituo, umwombe aombe rufaa ya haraka. Rufaa ya kawaida una siku 180 za kuikata, ila ya haraka, mgonjwa akiwa hatarini, lazima wakujibu ndani ya saa 72. Daktari aandike kwa ukali: mara ngapi alishajaribu kuacha akarudi, nani yupo nyumbani mchana, vidonge vyenyewe vilikuwa na fentanili, ile dawa ya kulevya kali kuliko unga. Aandike kwa vigezo vya ASAM, chama cha madaktari wa uraibu, kwa sababu bima nyingi hupenda kutazama alosto tu, yale maumivu ya kukosa unga. Kutetemeka kukiisha, wanasema amepona. Mwaka 2019 jaji mmoja wa San Francisco, katika kesi ya Wit, alisema wazi kwamba bima moja kubwa ilikuwa ikitibu dalili za ghafla na kuuacha ugonjwa wenyewe. Mahakama ya rufaa ikaja kuibomoa sehemu kubwa ya hukumu ile, na roho iliniuma. Lakini alichokisema yule jaji ndicho tunachokiona wodini kila usiku.

Wakikataa tena, kuna rufaa ya nje, kwa watu wasioajiriwa na bima. Una angalau miezi minne ya kuiomba, na wakiamua kwa upande wako, bima lazima ilipe. Na kwa hali ya Salim unaweza kuiomba pamoja na ile ya ndani bila kungoja.

Uwaandikie pia wakupe vigezo walivyotumia kumkataa. Ni haki yako kuvipata. Uliza na ofisi ya wafanyakazi: mpango wenu umenunuliwa kwa kampuni ya bima, au mwajiri ndiye anayelipa madai mwenyewe na bima inashika makaratasi tu? Kama ni mwajiri, malalamiko yako yanakwenda Wizara ya Kazi ya serikali kuu. Kama umenunuliwa, yanakwenda idara ya bima ya Ohio. Watu wengi hulalamika mlango usio wake, wanazungushwa mpaka wanachoka.

Najua unachoogopa, kwamba msimamizi wako atajua na habari itafika msikitini. Mama Salim, habari za matibabu ya uraibu zina ulinzi wake wa pekee katika nchi hii tangu miaka ya 1970, mkali kuliko wa magonjwa mengine. Kituo hakiwezi kumwambia bosi wako. Ofisi ukiiuliza kuhusu mpango wa bima, huna haja ya kutaja uraibu wala jina la mtoto. Na msikitini, wallahi, zipo nyumba zaidi ya yako.

Yule bwana aliyekupigia akasema ana kitanda Florida na tiketi ya ndege bure, mkatie simu. Hao ni madalali wa wagonjwa. Wanamchukua mtoto wa watu mwenye kadi nzuri, wanaitoza bima vipimo vya mkojo juu ya vipimo, kadi ikikauka wanamwacha barabarani. Florida walihangaika nao mpaka wakaunda kikosi kazi, na 2018 Bunge la Marekani likafanya kulipana kamisheni ya namna hiyo kuwa jinai. Hakuna kituo cha maana kinachomtafuta mgonjwa kwa simu na tiketi ya bure.

Na sasa Tanga. Baba watoto anataka mtoto apelekwe nyumbani "akanyooke", kwa shangazi, mbali na marafiki wabaya. Naelewa, ni mapenzi ya baba. Lakini kwani Tanga hakuna unga? Wewe na mimi tumekulia mitaa ileile, tunajua vijana waliokaa barazani wakisinzia mchana. Tena yule mtoto wa Mama Zuhura hakufa akiwa anatumia kila siku. Alikufa baada ya kutoka. Mwili uliokwisha kusafishwa hauwezi tena kile kiasi ulichokizoea, na kijana akiteleza mara moja tu anarudia kipimo cha zamani. Hapo ndipo tunapowapoteza. Ndiyo maana napigania asitolewe sasa, na ndiyo maana nataka uwe na Narcan nyumbani leo hii, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na unga. Inauzwa dukani bila cheti cha daktari tangu 2023. Ijue inavyopuliziwa puani, na wadogo zake nao wajue.

Kuhusu dawa, shemeji anasema buprenofini, ile dawa ya kumtuliza mraibu asitamani unga, ni kubadilisha uraibu kwa uraibu. Mwambie hata Muhimbili wanatoa methadoni, dawa ya kazi hiyohiyo, tangu 2011, bure, na mateja waliokuwa wakilala majalalani leo wanaamka asubuhi, wanakunywa dozi yao, wanakwenda kazini. Zanzibar pia ipo, na Mombasa. Kwa nini iwe dawa kwa kijana wa Temeke na iwe haramu kwa Salim? Tena tangu mwisho wa 2022 daktari yeyote wa kawaida mwenye leseni ya kuandika dawa za namna hiyo anaweza kumwandikia, kile kibali cha ziada kimeondolewa. Hata kama rufaa itakawia, dawa isikawie.

Naandika kama ninagomba, nisamehe ukali wa maneno. Nina hasira, si na wewe. Umesimama ghalani usiku miaka yote hiyo, kila baada ya wiki mbili wamekukata fedha ya bima kabla hujaiona, na siku umeihitaji wanakutumia ukurasa mmoja na nusu. Hukuomba sadaka. Ulishalipa.

Mambo mengine haraka: Da Zai amejifungua salama, wa kiume. Vile vitenge vyako nilivikabidhi. Mchango wa harusi ya Dallas nimekutolea, tutahesabiana baadaye, usinitumie kitu sasa.

Nijibu haya, hata kwa ujumbe mfupi wakati wa mapumziko. Barua ya kukataa ina tarehe gani, na imesainiwa na daktari au na karani tu? Kituo kimekupa mpaka siku gani kabla ya kumtoa? Wameshamwanzishia buprenofini au bado? Salim mwenyewe anasema nini, anataka kubaki? Baba watoto ameongea naye tangu alazwe, au bado wamenuniana? Kile kitabu cha maelezo ya bima walichokupa ulipoajiriwa unacho, au nikuelekeze pa kukiomba? Jumanne sina zamu. Nikupigie saa ngapi tukae tuiandike hiyo rufaa pamoja, wewe na karatasi zako, mimi na zangu?

Na kaka yako umeshampigia simu kumwambia asitafute mteja?

Wako akupendaye,
Mama Aisha